Mke wangu amefariki, na mshahara uleule haunifikishi tarehe 15

Shikamoo Bi Mkubwa.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Makorora hapa Tanga, ni fundi mitambo kiwandani. Nina watoto watatu. Binti yuko kidato cha pili, wa kiume yuko darasa la tano, na kitinda mimba, naye wa kike, ana miaka mitatu. Miezi mitano iliyopita mama yao alilalamika kichwa usiku, akaniomba maji. Nilipomletea, mkono wake haukuweza kushika kikombe. Alfajiri hatukuwa naye tena. Daktari alisema presha ilipanda ikapasua mshipa kichwani. Alikuwa na miaka 38 na sikuwahi kumsikia hata siku moja akisema ana presha.

Sitaki kukuchosha na habari za msiba. Kinachonisumbua sasa ni pesa, na naona aibu kumwambia mtu ninayemfahamu, maana watu wananiona nina kazi.

Mshahara wangu ukishakatwa kila kitu, mkononi nabaki na shilingi 780,000. Ndio huohuo niliokuwa napata mke wangu akiwa hai. Enzi hizo nilikuwa naacha mezani 10,000 kila asubuhi, nalipa kodi ya nyumba kila baada ya miezi 6, yaani 540,000, na nanunua luku. Mengine sikuyajua. Nikirudi jioni nakuta samaki wa nazi, sare za watoto zimefuliwa na kupigwa pasi, na pesa yangu kidogo imebaki mfukoni. Kazini nilikuwa najisifu kwamba mke wangu anajua kubana, kwamba elfu kumi kwake ni kama laki.

Sasa mshahara unaisha tarehe 15. Siku nyingine tarehe 12.

Rambirambi zilifika 1,350,000 lakini ziliishia hukohuko msibani: nauli za ndugu, maturubai, chakula cha siku tatu. Khitma ya arobaini ikaangukia mwezi wa kodi. Nikakopa 600,000 kwa jamaa mmoja anayekopesha wafanyakazi, riba asilimia 20 kwa mwezi, na akabaki na kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Kila mwezi anachukua 120,000 yake kabla mimi sijaona kitu. Mwezi wa nne huu, nimeshalipa 480,000, na bado nadaiwa 600,000 ileile.

Juzi nikipanga kabati nilikuta daftari la marehemu. Alikuwa anauza vitumbua na chai pale barazani asubuhi, akisaidiwa na mama mmoja jirani. Mimi nilidhani ni hela yake ya vitenge na ya kuchangia harusi. Bi Mkubwa, kila ukurasa, kila siku, ameandika: "Baba watoto 10,000. Mimi 8,000." Chini yake samaki, nazi, mkaa, nauli ya mtoto, dawa. Nilikaa chini sakafuni.

Kuna jingine. Alikuwa kwenye kikoba. Mwenyekiti wao na akina mama wawili walikuja wakaniambia hisa zake pamoja na gawio ni 1,510,000, ila alikuwa na mkopo wao wa 250,000. Duka la unga nalo linamdai 60,000. Nilifurahi nikaona nimepata pa kumlipia yule mkopeshaji. Lakini mama mkwe wangu, ambaye yuko Pangani na ni mjane wa miaka mingi, anasema hiyo ni pesa ya mwanawe na mimi nisiiguse. Tangu hapo hatuzungumzi vizuri.

Binti yangu mkubwa alisema ataendeleza vitumbua vya mama yake. Nilikubali kwa sababu hali ni ngumu. Anaamka saa 10 usiku. Wiki iliyopita mwalimu wake alinipigia simu kwamba analala darasani.

Dada yangu wa Lushoto anataka kumchukua mtoto mdogo "ili nipumue". Wazee wa msikitini wanasema nioe, nyumba itulie. Na mimi mwenyewe nina tatizo: nikirudi jioni nikiwaona watoto wamekaa kimya, nachukua bodaboda nawanunulia chipsi kuku. Karibu kila siku. Sijui kuwakatalia.

Nianzie wapi?

Baba wa watatu, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yao na awape nyinyi subira.

Kiswahili kina neno la mwanamume aliyefiwa na mke: mgane. Watu wengi hawalijui. Mwanamke akifiwa na mume, mtaa mzima unajua la kufanya. Atakaa eda, ataletewa mchele, watamuuliza watoto watasomaje. Mgane anapewa siku tatu, kisha anaulizwa ataoa lini. Kwa hiyo, hiyo aibu yako naielewa, ila haina msingi. Hukuharibu pesa kwa ulevi. Ulikuwa huijui nyumba yako, basi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye "Mimi 8,000". Hebu tupige hesabu ambayo marehemu hakukupigia. Elfu nane kwa siku 30 ni 240,000. Kwa hiyo nyumba yako haikuwa ikila 300,000 kwa mwezi kama ulivyodhani, ilikuwa ikila 540,000. Tena huyo aliyekuwa akitoa hiyo 240,000 ndiye aliyekuwa mpishi, mfuaji na mlezi, bila malipo. Hukuandika, lakini mtu mwenye zamu za kiwandani na mtoto wa miaka mitatu lazima sasa ana dada wa kazi, na kwa miji yetu nakadiria humpi chini ya 80,000. Ongeza 120,000 ya mkopeshaji. Hapo tayari ni 440,000 ambazo miezi sita nyuma hazikuwa mzigo wa mshahara wako. Toa kwenye 780,000. Unashangaa nini ukifika tarehe 15 huna kitu? Mimi ninashangaa umefikaje huko.

Kwa hiyo acha kabisa kujiuliza pesa inapotelea wapi. Haipotei. Vipato vilikuwa viwili, na kimoja tumekizika. Nyumba ya vipato viwili haiwezi kuendeshwa kwa kimoja kwa mtindo uleule, hata ubane namna gani. Inabidi ipangwe upya tangu msingi.

Kabla ya kupanga, tuiondoe mezani pesa ya kikoba, kwa sababu umeshaiweka kwenye hesabu zako na sehemu kubwa si yako.

Nimekuwa mhazini wa kikoba miaka tisa, na jambo hili nimeliona likivunja undugu mara tatu. Mume anasema mke ni wangu. Mama anasema mwana ni wangu. Wote wawili wanasahau kwamba marehemu ana watoto. Nyinyi ni Waislamu, kwa hiyo mafungu yanajulikana, hakuna haja ya kununiana. Kwanza yanatoka madeni: kwenye 1,510,000 toa 250,000 ya kikoba na 60,000 ya duka la unga, inabaki 1,200,000. Gharama za mazishi zilishabebwa na rambirambi, na wasia hujautaja. Mume, kwa kuwa kuna watoto, ana robo: 300,000. Mama mzazi, kwa kuwa kuna watoto, ana sudusi, yaani moja ya sita: 200,000. Baba yake alishatangulia. Zinazobaki 700,000 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja moja, yaani 350,000 kwa kijana na 175,000 kwa kila binti.

Unaona? Mama mkwe amekosea kusema usiiguse, nawe umekosea zaidi kutaka kuichukua yote ukamlipe mkopeshaji. Ungelipa deni lako kwa mali ya yatima.

Tena nikuulize swali ambalo wanaume hawapendi kuulizwa: mahari yake ulimaliza kulipa? Kama kuna kilichobaki, hilo ni deni lako kwa marehemu, na linaingia kwenye mirathi ligawanywe pamoja na hizo nyingine. Makarai, majiko na vyombo vya biashara navyo vithaminiwe humohumo, hata kama ni vitu vidogo. Mpelekee sheikh unayemwamini hesabu hii aihakiki, mimi si kadhi.

Kikoba wasikupe pesa mkononi barazani kisha kila mtu aende zake. Kaeni kikao cha familia cha pande zote mbili, kiandikwe muhtasari, watu watie saini. Chukua cheti cha kifo kutoka RITA kama hujachukua, maana kibali cha mazishi si cheti. Kikundi kikitaka msimamizi wa mirathi, au kama ana pesa benki au kwenye simu, nenda Mahakama ya Mwanzo na huo muhtasari na cheti uombe kuteuliwa. Ukishateuliwa una miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni mahakamani. Watu wengi huchukua barua ya usimamizi wakaifungia kabatini, wakaja kuumbuka baada ya miaka.

Zile 700,000 za watoto zisikae kwenye simu yako. Simu ni mfuko uliotoboka. Zipeleke kwenye akaunti ya watoto benki, au ununue vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, pale ambapo ukitaka kutoa ni lazima ujaze maombi na kusubiri. Huko kusubiri ndiko kutakakoziokoa siku ambayo chipsi zitakuita. Na usije ukanunulia viatu vya shule kwa pesa hiyo. Kulisha na kuvisha watoto ni wajibu wako wewe baba yao, mradi una mshahara.

Sasa deni. Asilimia 20 kwa mwezi, mwanangu, ndiyo inayoitwa kausha damu, na jina halikukosewa. Ukiendelea hivi, mwaka ukitimia utakuwa umemlipa 1,440,000 na 600,000 yake bado imekaa palepale. Sikwambii umkimbie, ulikopa, lipa. Ila ulipe kwa mlango mwingine.

Kiwanda chenu kina SACCOS, chama cha akiba na mikopo? Kwenye yale makato yaliyokufikisha 780,000 huenda kuna akiba yako huko, umeshasahau ni kiasi gani. Kaulize. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa hiyo mwenye akiba ya 200,000 anaweza kupata hiyo 600,000. Tuseme riba ni asilimia moja na nusu kwa mwezi kwa salio linalopungua: 600,000 kwa miezi 12 inakuwa kama 55,000 kila mwezi, na mwaka ukiisha deni limeisha. Linganisha na 120,000 unayotoa sasa bila kupunguza hata senti. Wapo watakaokwambia riba ni riba, hata ya SACCOS. Hilo nalo muulize sheikh wako. Kuna benki ya Kiislamu hapa nchini, na baadhi ya benki za kawaida zina dirisha la Kiislamu. Wala usione haya kumweleza afisa wa SACCOS hali ilivyo. Mficha uchi hazai. Na ile 300,000 ya fungu lako ikipatikana mapema, kopa nusu tu.

Siku ya kumlipa yule jamaa nenda na shahidi. Akupe risiti, aandike deni limekwisha, akurudishie kadi, na palepale nenda benki ukabadilishe namba ya siri, au uombe kadi mpya kabisa. Namba ya siri ya benki haipewi mtu, hata mkopeshaji. Akileta ukaidi, muulize leseni yake: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe nayo kutoka Benki Kuu. Wengi wakisikia neno hilo sauti hushuka.

Nije kwa binti, na hapa sitakuwa mpole.

Mtoto wa kidato cha pili kuamka saa 10 usiku kukoroga unga si kuendeleza kazi ya mama yake. Ni kuchukua nafasi ya mama yake, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba si lazima. Mwezi wa 11 ana mtihani wa upimaji wa taifa. Akishindwa atarudia kidato, na wewe utaongeza mwaka mzima wa nauli na madaftari. Lakini hata ingekuwa hakuna mtihani ningekwambia hivihivi. Huyo amefiwa. Umemuona anafanya kazi ukadhani yuko imara, kumbe anafanya kazi ili asikae akafikiri. Mwite kesho, mwambie kwa mdomo wako: "Kuanzia leo hupiki vitumbua vya kuuza. Kazi yako ni shule." Atakubishia, maana ameona hesabu za nyumba zinavyokupeleka. Usimwachie afikiri kwamba wadogo zake watakosa chakula kwa sababu yeye amelala.

Baraza lenyewe lisife. Yule mama jirani anaijua kazi na wateja wanamjua. Kubaliana naye: jiko, karai na sehemu ya kuuzia anatumia, faida ni yake, anakuletea hesabu ya 3,000 kila siku ya kazi. Kwa siku 26 ni 78,000, karibu mshahara wa dada wa kazi mzima. Na watoto wako waendelee kula vitumbua vya asubuhi kama zamani, muweke hilo kwenye mapatano.

Haya, mshahara. Ugawe siku hiyohiyo unapoingia, kabla hujanunua hata vocha. Nimekupangia kwa kukisia, utarekebisha. Kodi weka 90,000 kila mwezi pembeni. Kodi yako inajulikana tarehe yake tangu ulipohamia, lakini kila baada ya miezi 6 inakukuta kama mgeni asiyebisha hodi, na ndiyo iliyokupeleka kwa kausha damu, si khitma peke yake. Mwombe mwenye nyumba akupokelee miezi mitatu mitatu. Wengine hukubali kwa mpangaji mzuri. Dada wa kazi 80,000. SACCOS 55,000. Luku, maji na gesi 60,000. Nauli yako na mambo ya shule 75,000. Ada hakuna tangu 2016 kwa shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini wewe na mimi tunajua madaftari, sare na michango havijafutwa. Mama yako mzazi, kama yupo na ulikuwa unamtumia, 30,000 na usizidishe kwa miezi hii. Dharura 40,000. Mfukoni mwako 30,000, usijinyime zote, utakuja kuziiba kwenye chakula. Jumla hapo ni 460,000. Chakula kinabaki na 320,000.

Najua unasema haitoshi kwa sababu marehemu alitumia 540,000. Kumbuka ndani ya ile 540,000 kulikuwa na nauli, dawa na mkaa, ambavyo sasa vimepata mafungu yake. Halafu wewe unanunua kama bachela: mchele kilo moja kwa Mangi, mafuta ya kupima, nyanya tatu. Daftari unalo. Fungua kurasa za mwanzo wa mwezi uone alivyonunua. Siamini mtu mwenye hesabu kama zile alikuwa akinunua mchele kwa kilo. Siku ya mshahara nenda soko la Mgandini na orodha: mchele, unga, maharage, sukari, mafuta dumu, vitunguu, weka kama 170,000. Mpe dada wa kazi 5,000 kwa siku ya mboga, nazi na samaki. Hiyo ni 150,000. Samaki wa kila siku watapungua, siku nyingine ni dagaa, siku nyingine ni maharage ya nazi, na hakuna aliyewahi kufa kwa maharage ya nazi.

Mwezi wa kwanza utabana vibaya kwa sababu yule jamaa bado ana mkono wake mfukoni mwako. Mwezi wa pili utaona tofauti.

Na kila ukurasa uandike. Endelea na daftari lilelile kama moyo unaweza, au nunua jingine la 1,000. Unavyoliandika wewe haliwezi kuwa zuri kama lake, wala halihitaji kuwa. Jumapili usiku keti nalo dakika 20 na hao wawili wakubwa wakuone. Huyo wa darasa la tano mpe kalamu ajumlishe.

Chipsi kuku: nimekadiria kwa watu wanne pamoja na bodaboda si chini ya 15,000. Ukinunua siku 20 kwa mwezi ni 300,000, yaani karibu chakula cha mwezi mzima nilichokupangia. Lakini sitaki nikupigie hesabu tu hapa, kwa sababu hununui chipsi. Unanunua kelele ndani ya nyumba iliyokaa kimya. Weka siku moja, Ijumaa jioni, iwe siku ya chipsi, waisubiri. Siku nyingine ukirudi ingia jikoni na watoto. Utaunguza wali, watacheka, na hicho kicheko ndicho ulikuwa unakwenda kukinunua kwa bodaboda.

Dada yako wa Lushoto ana nia njema. Mtoto akaenda likizo kwa shangazi yake, sawa. Kuhamishwa, hapana. Amempoteza mama, asimpoteze na baba na ndugu zake kwa sababu ya bakuli la uji. Kuhusu kuoa, utaoa utakapotaka mke. Kwa sasa unachokitafuta ni mpishi na mhazini, na kumwoa mwanamke kwa ajili ya hayo ni kumdhulumu, tena harusi yenyewe ungeikopea.

Jambo dogo la mwisho kwa upande wa ofisi: nenda NSSF uangalie kumbukumbu zako. Mwenza uliyemwandika hayupo. Hakikisha watoto wote watatu wameandikwa, majina kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa, herufi kwa herufi. Ukiondoka leo, hiyo karatasi ndiyo itakayowasemea. Na presha iliyomchukua mama yao haikutoa taarifa. Na wewe kapime, haichukui hata robo saa.

Usisubiri kikoba wala kikao ndipo uzungumze na mama mkwe. Jumamosi hii panda gari la Pangani na watoto wote watatu. Usimpelekee mabishano, mpelekee daftari. Amezika mwana, na nadhani hakuna aliyemwonyesha jinsi mwanawe alivyokuwa akiishi. Mfungulie ukurasa wowote, umsomee "Baba watoto 10,000, mimi 8,000", halafu umwambie fungu lake ni 200,000 na utamletea mwenyewe kwa mkono wako. Kama hasomi bila miwani, msomee wewe mpaka atakaposema basi.